Koti Ndani ya Bomba la Nestor

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Metro Hrycak. Umri: miaka 76. Kazi: mstaafu, zamani mpima ngano ghalani. Makazi: Barabara ya Tatu, Wolna, Saskatchewan.
Yameandikwa Kituo cha Polisi Wolna, tarehe 17 Januari 2019, saa tatu asubuhi.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nasikia fundi Darcy Lindqvist amesimamishwa kazi kwa ajili ya kifo cha rafiki yangu Nestor Bodnarchuk, eti mwezi wa Oktoba alilihudumia vibaya tanuru la gesi linalopasha joto nyumba yake. Si kweli.

Mimi na Nestor tumekuwa majirani miaka arobaini na mmoja. Kila baridi ilipokaza, tanuru la mmoja wetu liligoma na mwingine akaja na sanduku la vifaa. Tulikaa juu ya ndoo kule chini ya nyumba, tukibishana. Marehemu mkewe, Sofia, alituteremshia sahani ya pyrohy, vile vidonge vya unga vyenye viazi ndani, na kuuliza, "Haya mabingwa, mmeshinda nyinyi au limeshinda tanuru?" Siku zile nilizipenda kuliko sikukuu. Nazitamani mpaka leo.

Mnamo tarehe 14 Januari, saa mbili asubuhi, Nestor alinipigia simu. "We mzee, bibi kizee wangu anawaka anazimika. Njoo, au magoti yamekataa?" Ndivyo alivyoliita tanuru lake. Nje ilikuwa nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Tulibadilisha betri za kidude cha ukutani cha kuwekea joto, haikusaidia. Tukatoa chujio, limejaa vumbi na manyoya ya paka, tukaweka jipya. Kisha nikasugua kijiti kinachohisi moto. Saa tatu na nusu tanuru likawaka na halikuzimika tena. Tulipeana mikono kama vijana.

Sasa sikiliza, Konstebo. Kuna bomba linaloleta hewa ya nje ili tanuru lipumue. Upepo wake ulikuwa unatukata shingo. Nikachukua koti langu la kazi, nikalisokomeza humo. Wazee wengi hapa hufanya hivyo baridi ikizidi, na sisi tulifanya kila mwaka. Mwezi wa Oktoba Darcy alikuta tambara letu bombani, akalitoa mbele yangu. "Wazee wangu, msizibe tena. Tanuru likikosa hewa hutoa gesi ya sumu, mtakufa." Alipoondoka tulimcheka. King'ora cha gesi hiyo alichokifunga, Nestor alikitia kwenye droo kwa sababu kilimtisha paka.

Saa nne moto wa buluu ukageuka wa njano, unayumbayumba. Nestor akashika simu. "Metro, huu mimi siujui. Nampigia yule kijana."

Nikamwambia, "Fundi wa nini? Miaka yote tumejitengenezea, leo uite mtu aje akutazamie moto? Sofia angekucheka."

Akacheka yeye, akaiweka simu chini. Saa tano niliaga. Alikuwa kitini juu sebuleni, akasema kichwa kinamgonga kidogo. Nilimwambia ni uzee huo.

Saa kumi alasiri binti yake, Oksana, alimkuta amekufa palepale kitini. Nilisikia mayowe nikakimbilia kwake. Milango ilikuwa wazi na watu wote wako juu. Nilishuka chini, nikalitoa koti bombani, nikaondoka nalo. Niliogopa, na nimeona haya siku tatu. Koti hilo liko kwenye mfuko huu.

Nestor anazikwa kesho. Oksana ameniomba niwe miongoni mwa watakaobeba jeneza. Nimemjua tangu azaliwe. Naomba ayasome haya kwanza.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi: M. Hrycak

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa, amekubali kuwa ni sahihi. Koti moja limepokelewa kama kielelezo. Saa nane mchana nimempelekea Oksana Bodnarchuk nakala. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Mwambie Mjomba Metro wabebaji wametosha."
Konstebo P. Gervais