Bakuli Langu Mezani kwa Mama

Tiong Bahru,
Singapore.
18 Novemba

Mpendwa Dada Sumie,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Murakami? Najua samaki wameshaning'inizwa barazani na Mama anawalinda na paka. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia.

Ni ile simu yako ya juzi. Ulisema afisa wa kodi alikuja kuuliza ninaishi wapi, Mama akamkaribisha chai na kumwonyesha bakuli langu mezani: "Si hapa, mwanangu? Huoni wali wake bado wa moto?" Wewe ulicheka. Mimi sikucheka hata kidogo.

Labda sijawahi kukueleza vizuri. Hapa Singapore kodi ya mshahara ni ndogo. Kodi ya nyumba ndiyo inayotunyonya. Japani hawaugusi mshahara wangu mradi makazi yangu ni huku. Wakiamua kwamba kwangu ni hapo, watanitoza kwa miaka yote niliyokaa huku, na akiba ya kujenga upya lile paa linalovuja juu ya kitanda cha Mama itakwenda yote. Naogopa, Dada.

Nilimweleza Otaki, mhasibu wetu wa kazini, naye ni mtu wa mkoa wetu wa Niigata. Alinicheka. "Bwana mdogo, mama yako anakuuza kwa bakuli la wali. Mwambie aliondoe."

Nikamwambia mama wa kwetu humwekea chakula aliye safarini, asipatwe na njaa wala ajali.

"Najua, hata mama yangu aliniwekea," akasema. "Lakini lile ni la msafiri. Aliyehama hawekewi."

Basi nikaketi kukuandikia umwambie Mama aache kabla afisa hajarudi Jumatatu. Nilimkasirikia hata yeye, Mungu anisamehe. Lakini kalamu ilikataa. Siku hizi anakuuliza nitafika kwa treni ya saa ngapi. Leo tumwambie nimehama, ataelewa nini?

Tena Otaki alitaka vitu vya kuonyesha kwamba kwangu ni huku. Nikaangalia chumba changu. Kuna kikombe kimoja na kiti cha kukunja. Nguo zangu bado zimo katika sanduku nililokuja nalo. Nilikaa kitandani nikalia.

Kwa hiyo usimwambie kitu. Jumatatu mpakulie wali kama kawaida, na afisa akiuliza, mwache Mama ajibu. Paa tutalifunika kwa turubai. Mwaka mpya nitakuja kulipanda mwenyewe.

Nisalimie shemeji Tokuji, na mpwa wangu Chinami mwambie nauona mwandiko wa barua yake umenyooka. Mjaliwe afya, na theluji iwe nyepesi juu ya paa letu.

Mdogo wako akupendaye, ambaye wali wake unapoa hapo mezani,

Shunpei