Neno Nililorudi Nalo kutoka Genova

Buffalo, Jumapili, Machi 2016

Theluji inayeyuka, mtaa wetu wa Black Rock mzima ni tope, na mwili wangu bado uko Genova. Nilirudi Alhamisi. Tangu hapo nikifumba macho naona vichochoro tu.

Nilitumwa. Niandike hivyo kwanza, maana wenzangu wa kazini kule Kenmore wanadhani nilikwenda kutembea na wananiomba picha. Mama alifariki mwezi uliopita hapa Buffalo, na dada yangu Nagasaro, anayemtunza bibi mmoja wa Kiitaliano kule Genova, hakuwa amejua. Kwetu Banyamulenge wa Kongo mtu haambiwi msiba kwa simu akiwa peke yake. Mtu huenda, huketi naye, humshika. Wazee wa kanisa wakakaa kikao, wakaona mwenye pasipoti ya Marekani ni mimi. Watoto wakakatazwa kuweka chochote Facebook, nikapanda ndege.

Miaka kumi na miwili sikuwa nimemwona dada.

Alinipokea stesheni akicheka mpaka akapaliwa. Nikajiambia, acha ale kwanza. Kisha nikajiambia, acha alale. Kuahirisha ni kazi ninayoijua sana.

Kila asubuhi alikuwa kazini kwa yule bibi, kwa hiyo nilizunguka peke yangu. Ule mji umepanda mlimani kama kwetu, ila milima yao imefunikwa nyumba za zamani mpaka baharini. Chini vichochoro ni vyembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Siku ya kwanza nilipotea mara tatu, na kila mara nilitokea bandarini. Mwishowe nikaelewa: ukishuka utafika baharini, ukipanda utafika kwa dada. Tiketi ya basi inakupandisha hata kwenye lifti ya mji. Unapita handaki refu, mlango unafungwa, halafu unatokea juu ya mapaa na bahari yote iko mbele yako. Siku ya pili mimi, niliyekulia kati ya ng'ombe na nyasi, nililia mle ndani ya lifti. Mama mmoja nisiyemjua akanipa leso yake.

Natamani kurudi mle. Natamani iwe tena siku ya pili, nikiwa bado na muda.

Mchana dada alikuwa anapata saa mbili za kupumzika. Tulitembea kama wasichana, tukila mkate wao wa mafuta na chumvi, tukiwasengenya watu wa kwetu Minembwe ambao wengi sasa ni marehemu. Siku ya nne akanivuta dukani akanunua shali ya sufu, rangi ya damu ya mzee.

"Hii ni ya mama," akasema. "Kule kwenu baridi ni mingi. Utamuvalisha weye mwenyewe, donc niko nakutuma."

Nikaipokea. Nikasema asante. Sijawahi kujichukia hivyo.

Siku ya mwisho alinisindikiza hadi kwenye lifti, nikamrudisha hadi mlangoni kwake, naye akanisindikiza tena, vile tunavyoagana kwetu. Tulikwenda na kurudi mara nne, na treni yangu ikaondoka bila mimi. Nadhani nilikuwa natafuta mahali pa kusemea. Treni nyingine nilipata. Mahali sikupata.

Leo baada ya ibada mzee wa kanisa aliniita kando.

"Mama Eliya, ulimwambia dada yako?"

Nikasema ndiyo.

Nilimdanganya mzee wa kanisa nikiwa nimeshika Biblia. Akamshukuru Mungu, kisha akasema, "Bon. Nitaambia watu ya Columbus wamupigie simu leo, wamupe pole."

Niliendesha gari hadi nyumbani. Watu wa Columbus ni shangazi zetu wa mtaa wa Northland kule, na wale hawana subira. Sikuvua hata koti. Nikapiga.

Dada alipokea haraka. "Shali imemutosha?"

Nikamwambia. Mimi nimesimama jikoni, yeye peke yake upande ule, kwa simu: jambo lile lile nililovukishwa bahari ili lisitokee.

Nilisikia televisheni ya bibi yake.

"Uko na nani pale?" akauliza mwishowe.

"Niko miye tu. Watoto wako kazini."

"Na miye, niko miye tu."

Alilia, nikalia, na hakuna aliyekata simu hadi bibi yake alipomwita.

Siku tano nilikuwa naye, namshika mkono kila tukivuka barabara. Nilikuwa nangoja nini?