Viatu vya Raba, cha Kushoto Kikubwa

Mama,

Shikamoo. Leo naanza na ugonjwa, salamu utazikuta chini. Najua si adabu. Wewe ulinifunza kwamba barua huanza na "sisi huku wazima, hofu ni juu yako," hata kama anayesema hivyo hawezi kunyanyuka kitandani. Lakini mimi ni mzee sasa, na mzee aliyeikimbia shule darasa la nne ana ruhusa ya kuandika miguu juu kichwa chini. Basi ni hivi: kesho asubuhi, hapa Guangzhou, watanikata kidole gumba cha mguu wa kulia. Ni sukari. Daktari wangu, binti mwenye miwani mikubwa kuliko uso, alisema na simu yake, simu ikanitafsiria kwa Kiswahili kibaya kuliko changu: "Kidole kimekufa. Mguu bado." Nikacheka. Naye akacheka, ingawa hakujua tunacheka nini.

Unazikumbuka barua zako? Hukujua kuandika, Maalim Faki ndiye aliyekuwa mkono wako. Ulimwita barazani baada ya alasiri, unamwekea muhogo wa nazi, unasema naye anaandika, na kila barua alipachika salamu zake mwenyewe mara mbili, mwanzo na mwisho. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, Kariakoo, nauza kanga, nazisoma nimesimama. Kurasa nzima za "anakusalimu." Anakusalimu Mjomba Khatib. Anakusalimu Bi Mize na wanawe, na huyo aliye tumboni. Ng'ombe nusura naye asalimu. Kisha ndiyo habari: karafuu mwaka huu za mashaka, paa la jikoni linavuja, Mjomba Khatib ameoa tena na meno hana, bibi harusi ndiye atakayemtafunia nyama.

Nikifika hapo pa kucheka, naikunja barua. Hilo ndilo kosa langu, na nimelibeba mpaka Uchina.

Maana mambo ya maana uliyaweka nyuma ya karatasi, mwisho kabisa, baada ya salamu za Pemba nzima, kama mgeni aliyekwisha kuaga halafu akageuka mlangoni. Ndivyo kwetu tulivyokuwa. Aliye safarini hatupiwi ugonjwa usoni. Anatulizwa kwanza na wazima wote, ndipo mgonjwa atajwe kwa sauti ndogo. Mimi nilijua hivyo, tena vizuri. Nilikuwa mvivu tu.

Mjomba Khatib akaja Dar es Salaam kuuza karafuu zake, akanikuta dukani.

"Mama yako mguu umeshuka?"

"Mguu gani?"

"Barua hukupata?"

"Nimepata. Umeoa."

"Nimeoa ukurasa wa pili. Wa mwisho ulifika?"

Niliikuta chini ya robota la kanga, imelala hapo miezi miwili. Nikaigeuza. "Na mimi mguu wa kushoto umevimba, si sana. Usije, kazi zako nyingi. Lakini ikiwa utakuja, niletee viatu vya raba, cha kushoto kiwe kikubwa kuliko cha kulia."

Nikaja. Viatu nikaleta, vipya, vinanukia duka, vyote saizi moja. Akili ya kununua jozi mbili haikunijia, nilikuwa na haraka ya mwenye hatia. Cha kulia kikaingia. Cha kushoto ukakitazama, ukaniuliza, "Aliyekuuzia ndiye asiyeona, au ni wewe?" Ukachukua kisu cha muhogo, ukakipasua ubavuni, ukakivaa hivyo hivyo, ukavaa mpaka vikaisha. Mguu lakini haukurudi kuwa mguu. Ulikuwa umechelewa kutibiwa. Ukapewa bakora, na bakora ukaipa jina langu. "Nileteeni Khamis," unasema, "huyu nikimwegemea anasimama." Miaka kumi na moja, kila nikija nyumbani namkuta Khamis mwenzangu amelala kitandani kwako, mimi natandikiwa mkeka.

Ulikuwa ukinitania, nami nikicheka. Hatukuwahi kulisema lile jambo kwa uso mkavu, si wewe si mimi.

Sasa nisikilize. Hapa nanunua madaftari na vidoli vya watoto kule mtaa wa Yide Lu, nampelekea Mwanaasha wangu, yule uliyekuwa ukimfunga mgongoni na kanga mbovu. Ndiye mwenye duka sasa, na ni mkali, kakurithi wewe. Siku hizi barua hakuna, tunatumiana sauti kwenye simu. Wiki iliyopita nilimtumia ya dakika tisa. Nilianza na wazima. Salamu za Mama Wambui, mfanyabiashara wa Nairobi tunayepanga naye jengo moja. Bei za madaftari. Mvua. Mkongo wa ghorofa ya juu aliyegombana na mwenye nyumba kwa sababu ya kitoweo cha samaki. Na mwisho, simu nikiwa nimeisogeza mbali na mdomo: kidole cha mguu kimebadilika rangi, si sana, usije.

Nilipotuma niliomba asifike mwisho. Wallahi. Na niliomba afike.

Chai yangu haijapoa, simu ikalia.

"Baba. Rudia ya mwisho."

"Nilisema mvua hapa..."

"Baada ya mvua."

"Kidole. Si sana."

"Rangi gani?"

Nikajifanya mtandao mbaya.

"Baba, nakusikia unavyopumua. Rangi gani?"

"Kama karafuu iliyokauka."

Papo hapo, "Mpe simu Mama Wambui." Na Mama Wambui, ambaye hana undugu na mimi hata wa kusingizia, akanishika mkono kama mwizi wa kuku mpaka hospitali. Binti wa miwani anasema ningekaa wiki mbili zaidi, kisu kingeanzia gotini.

Naogopa, Mama. Kisu nakiogopa kidogo. Kinachoniuma ni zile dakika tisa. Dakika tisa tu nilikaa na kikombe mkononi nikijiuliza amesikia au hakusikia, na nikaona ni ndefu. Wewe ulikaa miezi miwili. Ulikaa barazani ukijua barua imefika, ukidhani nimeisoma yote, na sikuja. Na nilipokuja hukuniuliza hilo. Uliniuliza habari ya viatu.

Nisamehe. Nimekuwa nikizunguka kulisema tangu ningali na meno.

Sasa salamu. Anakusalimu Mwanaasha, na wanawe wawili, mmoja ana mdomo wako. Anakusalimu Mama Wambui, hakujui lakini anasema angekupenda kuliko mimi. Mjomba Khatib na Maalim Faki mko nao huko ahera, wasalimu wewe, na Maalim umpe salamu mara mbili, amezizoea.

Geuza karatasi.

Jana, kabla sijalazwa, mguu wa kulia ulikataa kiatu. Mama Wambui akanipeleka madukani, karibu na Zhanqian Road. Nikamwambia mwenye duka nataka raba za bluu, cha kulia saizi arobaini na nne, cha kushoto arobaini na moja. "Mei you," akasema, yaani hakuna, ndilo neno lao la kumfukuza mtu, na alilisema kabla sijamaliza. Jozi haivunjwi.

"Ai, mzee," Mama Wambui akasema, "mguu mmoja wa baba na mwingine wa mtoto, utavitoa wapi?"

Nikanunua jozi mbili. Safari hii akili ilinijia. Nikavaa kikubwa cha kulia na kidogo cha kushoto, nikatoka nje natembea kama waziri.

"Hivyo vingine tupa," akasema Mama Wambui.

Nikafungua mfuko nivitazame. Kikubwa cha kushoto. Kidogo cha kulia.

Viko hapa chini ya kitanda, Mama, vipya, havijakatwa.

Mwanao,
Khamis wa nyama, si yule wa mti