Barafu ya Jumamosi, Saa Nane Kamili

Nyumba ya Tano,
Nyuma ya Karakana ya Reli,
Jumatatu, 12 Mei.

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta. Mimi ni mzima; kifua kilinisumbua wiki moja, kikachoka chenyewe. Uniwie radhi kwa kukukalisha mwezi mzima bila jibu. Haukuwa uvivu, sikuwa na jibu la kukupa.

Barua yako ilikubaliana na binti yangu mkubwa, yule muuguzi tunayemwita Sista, kwamba niihame nyumba hii nikaishi kwake. Najua mlisema kwa upendo. Tangu dada yako alipotutoka, Sista amenikuta mara mbili nikiwapa wageni sharubati ya malimau iliyo vuguvugu, na mara ya pili nilikuwa nimesahau sukari. "Baba, kama kumpa mgeni kinywaji kunakushinda, utajitunzaje?" aliniuliza mbele yao. Yalinichoma, Shemeji. Nikamwalika yeye na mdogo wake, dereva wa lori, waje Jumamosi saa nane kamili tulimalize jambo hilo. Nikaapa moyoni kwamba watakunywa kitu cha baridi, chenye barafu niliyoigandisha mwenyewe.

Naona haya kukiri kwamba katika miaka thelathini na minane ya ndoa sikupata kujua barafu inatoka wapi. Nilikuwa nikiikuta kwenye glasi tu. Basi Alhamisi nilijaza maji kile kitrei cha plastiki chenye vijumba kumi na viwili, nikakiweka juu kabisa katika jokofu, mahali pa kugandishia. Unakumbuka nilivyokuwa mkuu wa stesheni: hakuna kitu kilichopita bila mimi kukikagua. Nikatafuta daftari, nikawa nafungua mlango kila robo saa na kuandika. Saa nne: maji. Saa nne na robo: maji. Hadi jioni nilikuwa na kurasa mbili za maji, na kwenye kitrei utando mwembamba wa barafu uliopasuka nilipougusa kwa kidole.

Jirani yangu mshonaji, aliyeniletea shati langu, alilisoma lile daftari akacheka hadi akakaa chini.

"Babu, unaichungulia kama mgonjwa mahututi! Kila ukifungua unaingiza joto la jiko zima. Funga, ondoka."

"Na nikitaka kujua imefika wapi?"

"Haijaenda popote, babu. Si treni."

Nilikubali kwa shida. Ijumaa asubuhi nilifuta kitako cha kitrei kisinate, nikakijaza pasipo kufikia ukingo, nikaufunga mlango wa jokofu kwa mkanda wangu wa kazi, mafundo mawili, kisha nikaenda kukaa kwenye benchi la mshonaji. Nikiinuka, ananikalisha. Baada ya saa tano nilifungua: imeganda, ngumu, nyeupe. Naungama kwamba nilijipigia makofi. Nikavitia vipande kwenye mfuko, nikavirudisha ndani, nikajaza tena. Kufikia Jumamosi adhuhuri nilikuwa na thelathini na sita.

Walifika saa nane na dakika kumi; nikawasamehe. Sista alikuja na sanduku tupu la kutilia nguo zangu. Nikaleta sinia yenye glasi za sharubati na barafu.

"Barafu hii umenunua wapi, baba?"

"Imegandishwa humu ndani."

"Na nani?"

"Na baba yako."

Sista hakuamini. Akaenda jikoni, nikasikia mlango wa jokofu ukifunguliwa, kisha ukifungwa. Mdogo wake alikuwa akitafuna kipande kwa kelele. "Sista, acha upelelezi! Usiporudi, na yako naimaliza!"

Alirudi, akanywa, akaomba ya pili. Ndipo nikamwambia kwamba bado naunguza wali, na kwamba kupiga pasi ni vita, lakini yote nitajifunza moja moja, humu humu. Sikupandisha sauti. Alinitazama kama anavyotazama kipimajoto.

"Haya, baba. Lakini kila Jumapili nitakuja kuangalia."

"Karibu. Ila usije kabla ya ibada."

Walipoondoka, sanduku lilirudi garini tupu kama lilivyokuja, na mimi ndiye niliyelibeba.

Kwa hiyo nisamehe, Shemeji: ushauri wako siufuati. Nakuomba umwandikie Sista kwamba umekubali nibaki, kwa maana neno lako kwake ni zito kuliko langu. Leo naanza na wali.

Nisalimie mumeo, fundi saa, na binti yenu mwalimu. Mwambie deni langu la barua kwake nalikumbuka. Mwenyezi Mungu awape usingizi mtulivu na miguu isiyouma.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye na kukuheshimu,

Mzee wa Stesheni