Kofia ya Mwalimu

Tarehe 4 Machi

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumai u mzima na kazi yako ya kuandika matangazo ya sabuni inakwenda vizuri. Sisi huku hatujambo. Mgongo wangu umepunguza kelele, na Mjomba wako bado yupo kiti cha pili hapa kinyozini, bado anampunja mteja upande wa kushoto halafu anakilaumu kioo.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kama enzi za babu yako. Simu nimeizima, nimeitia kwenye kopo tupu la poda na kufunika kifuniko. Ndiyo maana hupati tena zile sauti za dukani nilizokuwa nakurekodia, ulizosema zinakutoa upweke ukisikia mikasi na ubishi wa wazee.

Sikia yaliyonipata. Mwalimu wako wa darasa la sita aligombea udiwani, na bila chama. Alisema vyama ameviona vyote, kimoja kinatoka na viti, kingine kinaingia na viti vipya, na mtaro wetu unanuka vilevile. Wateja wangu walimshangilia. Unawajua, ukiwatajia chama chochote wanashika mifuko yao kwanza. Lakini Mwalimu walimwamini, kwa sababu nusu yao aliwachapa mwenyewe.

Mchana mmoja Mwalimu alikuja, Mjomba wako akiwa ameenda kula. Akaniomba nivute pazia, akavua kofia. Nywele zilikuwa zinamtoka kwa mafungu. Ni dawa za saratani. Akaniambia, "Nyoa zote, na yaishie hapa mpaka kura zipite. Nitawaambia mwenyewe." Nikamwambia kiti changu hakina mdomo. Nikamnyoa, akaenda.

Wiki ileile ujumbe ukaingia kwenye simu za mtaa mzima. "Kofia. Muulizeni Mwalimu kwa nini haivui. Nywele zinamtoka kwa mafungu, na mwenye kujua anajua ni ugonjwa gani. Unaambukiza. Msimpe mkono." Basi mkutano uliofuata akinyoosha mkono, watu wanaingiza yao mfukoni. Kura zimepita, ameangushwa vibaya mno.

Na mimi je? Waliobaki na akili wanasema mimi ndiye niliyetoa siri, maana nani mwingine alimwona kichwa? Waliokosa akili wanaiogopa mashine niliyomnyolea. Nimekuwa mbea na mgonjwa kwa wakati mmoja. Mwalimu mwenyewe tangu siku ile hajakanyaga hapa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko vyote.

Naapa sikumwambia mtu, hata Mjomba wako. Wewe unayajua mambo haya. Hivi simu inaweza kusikiliza yenyewe?

Ni mimi,
Baba yako

*

Tarehe 17 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimefurahi kuuona mwandiko wako. Mimi sijambo, ila kazi nyingi. Mjomba nisalimie, mwambie kioo hakina kosa.

Habari ya Mwalimu imenisikitisha. Uliyouliza, ndiyo, inawezekana. Simu za siku hizi zina programu zinazosikiliza bila mwenyewe kujua. Labda kuna kitu kilipakuliwa humo, au mtu aliishika akabonyeza pasipotakiwa. Vizuri umeizima. Badilisha namba ya siri, futa usichokijua, na usimpe mtu yeyote aichezee.

Waambie wateja kuwa ni simu. Watakuelewa. Watu wanasahau upesi, Baba, kesho watapata lingine la kusema. Usijisumbue sana na utunze mgongo wako.

Je, Mwalimu anaendeleaje? Anatoka nje?

Mwanao,
Chiriku

*

Tarehe 5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Natumai hujambo. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo sijui niseme nini.

Nilifanya ulivyoniambia. Nilisimama katikati ya duka nikatangaza kuwa ni simu. Mwanangu, wameamini kuliko nilivyotaka! Sasa mtu akija anaacha simu yake nje kwenye beseni, juu yake tumeweka taulo. Fundi viatu wa mlango wa pili kageuka mlinzi wa beseni. Ikiita moja, wateja wote wanatoka mbio na povu mashavuni. Nilicheka, sikukatai, nilikuwa sijacheka muda.

Lakini uliandika pia kwamba huenda mtu aliishika akabonyeza. Maneno hayo hayakunitoka. Anayeishika simu yangu ni mmoja tu, Mjomba wako. Yeye ndiye aliyeninunulia, yeye ndiye anayenisomea herufi ndogo. Na kumbe wakati wa kampeni alivaa fulana za vyama vyote viwili, anasema zinafaa kufutia vioo. Nikamuuliza mbele za watu alilipwa na nani.

Alifuta mkasi wake, akaukunja kwenye taulo, akaondoka. Miaka yote hii tumegombana kila siku na hajawahi kuondoka bila kunijibu. Marehemu mama yako angekuwepo angenifukuza mimi.

Nilikwenda kwa Mwalimu kumwambia nimempata mhalifu. Mkewe alinipokea mlangoni, akasema amelala. Nilimsikia akikohoa chumbani, yu macho kabisa.

Niambie, mwanangu, nimefanya sawa?

Baba yako

*

Tarehe 20 Mei

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Barua hii nimeianza na kuichana mara nyingi hadi mwenzangu wa chumbani akadhani naandikiana na mchumba.

Hujafanya sawa, na kosa si lako. Mjomba hana hatia. Simu haikusikiliza yenyewe. Ulinirekodia dukani siku ile, ukaiweka simu nyuma ya makopo kama kawaida yako, na Mwalimu alipoingia ukasahau kuizima. Jioni ukanitumia yote bila kuisikiliza. Nimesikia pazia likivutwa. Nimesikia akisema yaishie hapa. Nimekusikia ukisema kiti chako hakina mdomo, na nilijivunia kuwa mwanao.

Baba, siandiki matangazo ya sabuni. Mwanzo niliandika kweli, halafu ofisi ikapata kazi ya chama, nami nikahamishiwa huko. Tunakaa watu sita kwenye chumba kisicho na dirisha, tunaandika maneno ya kutia wasiwasi, na kila mmoja ana majina ya uongo kama ishirini. Ghorofa ya juu yetu wanaandikia chama kile kingine. Ni ofisi hiyohiyo, tajiri huyohuyo, na chai tunachemsha kwenye birika moja. Wateja wako hawajakosea kushika mifuko.

Meneja alikuwa anatafuta doa la mgombea wa mtaa wetu, hakuna aliyelipata. Hakunilazimisha, nisimsingizie. Hakujua hata kuwa natoka huko. Nilitaka tu kusifiwa. Nilinyanyua mkono kama darasani nikasema, "Mimi ninalo." Nikaandika mwenyewe. Ile ya kuambukiza na kutopeana mikono aliiongeza mwenzangu, akanisomea, nami nikacheka, Baba. Watu wote walicheka na mimi nikacheka.

Halafu ukaniuliza kama simu inasikiliza, nikakujibu kitaalamu. Nilikuwa natafuta pa kujificha, nikamsukumia Mjomba bila hata kumtaja. Nikipita mbele ya kioo siku hizi natazama pembeni.

Muoneshe Mjomba barua hii. Apige kelele, avunje kitu, lakini arudi. Jambo moja nakuomba, Mwalimu usimwambie. Najua sina haki ya kuomba. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika, na siwezi kuvumilia ajue mafunzo yake nimeyapeleka wapi.

Mwanao

*

Tarehe 12 Juni

Mwanangu,

Nimeipata barua yako. Nilikuwa sitaki kujibu. Nilikuwa nakaa kwenye kiti cha wateja natazama kopo lile la poda, naona aibu hata kulifungua. Watu walinipa vichwa vyao na maneno yao, mimi nikaweka simu nyuma ya makopo kuwarekodi ili mwanangu asiwe mpweke. Sikumwomba ruhusa hata mmoja. Nilidhani ni mapenzi, na yalikuwa mapenzi, lakini hayakuwa maneno yangu ya kugawa.

Mjomba wako nilimfuata kwake. Nilimpa barua, akaisoma amesimama, akaikunja. Akasema, "Huyu mtoto nilimbeba mabegani." Kisha akaniambia mimi ni mzee mjinga, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, nikajua amerudi. Nimemwomba radhi dukani mbele za watu, palepale nilipomtukana. Sikusema ni nani aliyetoa siri. Nilisema tu si yeye, wala si simu.

Ombi lako la kutomwambia Mwalimu sikulikubali. Uliyemkosea ni yeye, huwezi kumchagulia asijue. Nilikwenda na barua mfukoni. Safari hii mkewe alinifungulia. Yupo kitandani, amebaki macho na sauti. Kabla sijatoa kitu akauliza, "Chiriku hajambo?"

Nikaanza kulia, mwanangu, mtu mzima hivi.

Akaniambia alijua tangu siku ujumbe ulipotoka. Aliwafundisha darasa zima kuanza insha na kitu mtu anachoweza kukishika mkononi. Akasema wengi walisahau, wewe hukusahau kamwe. Insha yako ya kwanza ilianza na mkasi. Ujumbe ule ulianza na kofia. Akajua mkono wa nani. Nikamuuliza, basi kwa nini ulinikwepa? Akasema, "Ningekaa kwenye kiti chako ningekuambia. Ungeyasikia ya mwanao kwa mdomo wangu. Sikutaka iwe hivyo."

Hataki umwombe radhi. Anasema yeye hajawahi kudanganywa, waliodanganywa ni watu wa mtaa. Anataka uandike insha nyingine, kwa jina lako, iingie kwenye simu zilezile. Nami nikamuuliza, itafaa nini sasa, kura zimekwisha? Akasema yeye anataka kupewa mkono tu kabla hajaondoka.

Simu nimeitoa koponi. Naisubiri hiyo insha.

Baba yako

*

Tarehe 1 Julai

Baba,

Shikamoo. Natumai mgongo haujambo. Mwalimu anaendeleaje? Niambie ukweli.

Ujumbe bila shaka umeuona. Nilianza na kofia tena. Niliandika jina langu, mtaa wetu, duka lako, na kwamba saratani haiambukizi na mimi ndiye niliyedanganya. Niliutuma kila mahali nilipotuma ule wa kwanza. Kazini waliniita mchana huohuo. Meneja hakukasirika hata kidogo, alinitazama kama mtu aliyemwaga chai kwenye mashine, akaniambia nikabidhi ufunguo.

Hilo nililitegemea. Majibu ndiyo sikuyategemea. Mmoja kaandika, "Kanunuliwa huyo." Mwingine, "Uchaguzi umeisha, leo ndiyo unakumbuka? Nani kakulipa?" Wengine wanasema hakuna mtu wa jina langu, ni watu wa chama wamejificha. Mama mmoja wa mtaani kwetu, aliyenipa maji ya kunywa nikitoka shule, kaandika kuwa ananijua mimi na singeweza kufanya jambo kama lile, kwa hiyo ujumbe ni wa uongo. Huyo ndiye aliyeniua kabisa.

Nilipodanganya bila jina waliniamini wote. Nimesema kweli kwa jina langu, wananiuliza bei. Na siwezi kuwalaumu, Baba. Mimi na wenzangu kwenye kile chumba ndio tuliowafundisha hivyo.

Nataka kurudi, lakini sijui nitapita mtaani na uso gani. Niambie kama nije au nisubiri kidogo yapoe.

Mwanao,
Chiriku

*

Tarehe 15 Julai

Mwanangu Chiriku,

Salamu. Mimi na Mjomba wako tu wazima.

Mwalimu amefariki Jumanne asubuhi. Ujumbe wako nilimsomea. Alisikiliza macho yamefumbwa, akasema aya ya pili ni ndefu mno, akatabasamu. Alikuwa ananyoosha mkono kila mtu alipoingia chumbani. Tulioushika ni mkewe, mimi, Mjomba wako na fundi viatu. Hakuingia mwingine.

Mazikoni walikuja wengi, na wengi walilia kwa dhati, hawakuwa wanafiki. Lakini walisimama mbali. Ilipofika zamu ya kubeba jeneza tulijikuta ni sisi walewale, tukalibeba na kupumzika njiani. Mwenyekiti wa chama kimoja na wa kile kingine walikaa viti vya mbele wakiwa wamekaribiana, kila mmoja na shada lake.

Sasa nikujibu. Maandishi yametosha, mwanangu, yako na yangu. Watu wa hapa hawatasoma tena kitu wakakiamini, si chako wala cha mtu mwingine. Wataamini wanachokiona kwa macho yao.

Ile mashine niliyomnyolea Mwalimu bado hakuna anayeitaka. Jana mchana niliitoa nje na kiti, nikakiweka mlangoni, nikajinyoa nayo kichwa chote watu wakipita. Mjomba wako akakaa baada yangu, yeye na zile nywele zake anazozitunza kama bustani. Alinitukana mwanzo hadi mwisho. Watu walisimama upande wa pili wa barabara, wala hawakuondoka. Mmoja akauliza, "Na yule binti yako je?"

Usisubiri yapoe. Njoo mchana, watu wakiwa wengi, upite barabara kubwa. Kiti nimekiacha palepale mlangoni na mashine nimeitia mafuta. Kofia ya Mwalimu mkewe amenipa nikutunzie, utaivaa kichwa kikianza kusikia baridi.

Baba yako