Lapu Alivyoanguka Mara Mbili

Kijiji cha Vajihe,
Butuo, Liangshan.
18 Agosti 2009

Mpendwa Kaka Vuli,

Pokea salamu kutoka huku milimani. Hujambo huko mjini Dongguan? Wifi Ajia na mtoto, wazima? Sisi tunashukuru, viazi vimezaa vizuri. Baba bado hawezi kutembea tangu farasi amwangushe. Lapu ndiye anayembeba mgongoni kila asubuhi kumpeleka kwenye jua.

Sikukuu ya Mienge imepita, na mdogo wetu Lapu kashindwa mieleka. Najua utacheka. Mimi sikucheka. Nina shaka, na unanijua, shaka ikiniingia situlii.

Raundi ya kwanza alimshika mkanda Erbu wa ukoo wa Jike, akamnyanyua na kumbwaga chali. Hapo akasimama bwana mmoja kutoka wilayani, akatangaza kwamba mshindi atachukuliwa kwenye timu ya mkoa, akaishi huko kambini. Tukashangilia sana. Raundi ya pili Lapu chini. Ya tatu, chini tena!

Kwanza nilishuku mafuta. Unakumbuka mwaka ule mtu alipaka mkanda wake mafuta ya nguruwe ili mikono ya mwenzake iteleze. Basi nikamfuata Erbu alipokuwa akinywa pombe na wenzake, nikaushika mkanda wake nikaunusa.

"We Wuniu, wanusa nini?" akaniuliza. "Kama unanitaka si useme tu!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkanda ulikuwa mkavu. Nikamshuku mwamuzi, maana ni mjomba wake Erbu, lakini mgongo wa Lapu ulijaa vumbi mara zote mbili na kila mtu aliuona.

Ndipo nikaikumbuka mikono yake. Lapu haachii mkanda. Ulipokuwa ukimfundisha pale zizini, ilibidi umfinye vidole ndipo aachie. Safari hii vidole viliachia vyenyewe, na mimi nilikuwa mbele kabisa.

Jana nikambana tukimenya viazi. "Uliachia makusudi?"

"Dada, niache bwana."

"Sikuachi! Timu ya mkoa hiyo, si ndiyo uliyokuwa ukiiota?"

Akaendelea kumenya. "Kaka Vuli alisema anaondoka miaka miwili. Huu wa sita. Na mimi nikienda, Baba atabebwa na nani? Wewe?"

Nikachukua kiazi kingine nikamenya. Nina hasira naye, na wewe nina hasira nawe zaidi, nakwambia wazi. Baba hajui kitu. Kila jirani anayepita anamwambia kwamba watu wa Jike wametudhulumu, na Lapu ananyamaza tu.

Msalimie Wifi Ajia, na mwanao Shiha ambaye babu yake hajamwona. Wazee waliotutangulia wawalinde.

Yule bwana wa wilayani alivutiwa na ile raundi ya kwanza, na atarudi baada ya mavuno kumpima Lapu tena. Ukiwa umefika nyumbani, tutaona kama vidole vyake vitaachia.

Akupendaye hata akikukasirikia,
Mdogo wako, Wuniu