Maharagwe Kwenye Chili Yangu

Verna, acha unachofanya usome. Mama yake Delbert amemwaga maharagwe kwenye chili yangu.

MAHARAGWE! Hapa hapa Texas, ambako mchuzi wa chili ni nyama na pilipili tu na maharagwe ni mwiko, tena mbele za watu!

Nyama na pilipili viko motoni tangu asubuhi, nyumba imejaa mpaka barazani, mkate wa mahindi uko mezani, kabichi na jibini tayari. Nimetoka kidogo tu kumpokea mchungaji. Narudi, namkuta mama mkwe ana kopo tupu mkononi, anakoroga!

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekuokoa na aibu, mwanangu. Chili gani hii, nyama tupu kama chakula cha mbwa?"

Cha mbwa! Chili ya marehemu baba yangu, Verna! Mjomba Virgil kachungulia sufuria, karudisha bakuli lake kabatini.

Nikamgeukia Delbert. "Mwambie mama yako. Jiko hili la nani?" Shoga, mume wangu kachota bakuli, kala, kamtazama mama yake, kasema, "Tamu, Mama."

TAMU, MAMA! Na maharagwe mdomoni!

Basi nimeibeba sufuria nzima mpaka kwenye gari la mama mkwe, nikaweka na mto wa Delbert pembeni. Nikawaambia, "Kaleni huko kwenu." Delbert alidhani natania mpaka nilipofunga mlango.

Mgeni hata mmoja hajaondoka. Wanashindilia mkate wa mahindi na kunishangilia. Pitia buchani uje na nyama, naanza upya.